Kabla ya Kushika Bomba, Inama Shinani

Ndugu maafisa ugani, mkulima akikuonyesha majani ya mpunga yaliyoliwa na viwavi wiki ya tatu baada ya kupandikiza, anataka umtajie dawa. Nawaomba msiitaje upesi.

Mpunga mchanga ukiliwa majani huchipua mengine. Buibui walao wadudu, wakiuawa na dawa, hawarudi upesi hivyo. Dawa ya wiki za mwanzo huwaangamiza wao na wadudu wengine walao wenzao, lakini mayai ya yule mdudu mdogo wa kahawia afyonzaye utomvu hubaki salama, kwa sababu huyataga ndani ya mmea. Yakianguliwa, adui zake hawapo. Jaruba hukauka mabaka mabaka, kama lililopitiwa na moto. Indonesia waliyaona haya: serikali ilitoa ruzuku ya viuatilifu, wakulima wakapuliza, mdudu akazidi. Mwaka 1986 Rais Suharto akapiga marufuku aina 57 za viuatilifu kwenye mpunga, na mwaka 1989 mashamba darasa, ambako wakulima hujifunza kwa kuchunguza mpunga wao pamoja, yakaanza. Mavuno hayakuporomoka!

Sasa ongeza joto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria kwamba kila nyuzi moja ya ongezeko la joto duniani itazidisha hasara ya wadudu kwenye mpunga, mahindi na ngano kwa asilimia 10 hadi 25. Kwenye joto mdudu hula zaidi na huzaana haraka. Mkulima akiona hivyo ataongeza dawa, na hofu yangu iko hapo hasa, maana atakuwa anawaua walinzi wake wakati anaowahitaji kuliko wakati wowote. Kalenda ya kupuliza tuliyozoea kumpa tuiache. Aingie shambani kila wiki, ainame, apige mashina kwa kiganja, ahesabu wanaoanguka majini: wafyonzaji wangapi, buibui wangapi. Urea nayo aipunguze ikiwa imezidi. Mpunga uliolishwa kupita kiasi huwavutia wafyonzaji.

Ikibidi kupuliza, afanye hivyo alfajiri, upepo ukiwa umetulia. Kumwambia mtu avae gwanda, glavu na barakoa saa saba mchana ni kumwambia azivue, na jua linavyozidi ukali hatuwezi kumlaumu. Dawa kali kabisa zisiingie kwenye ushauri wetu. Chupa ikiisha aisuuze mara tatu, maji hayo ayarudishe ndani ya bomba la kupulizia, kisha aitoboe isije ikabebewa maji ya kunywa. Bomba lisioshewe mferejini kamwe: samaki na vyura hufa, na aliye chini ya mfereji huchota maji yaleyale.