Kwenda Kujenga Nyumba katika Nchi za Watu
Mhadhara kwa vijana wanaojiandaa kusafiri

Nawasalimu nyote, vijana mnaosafiri na wazazi mliokuja nao. Nimeombwa nizungumzie kazi ya kujitolea kujenga nyumba za familia maskini nje ya nchi, kwa kuwa baadhi yenu mnakwenda Malawi na wengine Amerika ya Kati. Habari za chanjo na viza mmeshaelezwa. Mimi nitashughulika na nyumba yenyewe: nani anaijenga, nani anailipia, na nani atabaki nayo mkishapanda ndege kurudi.

Msimamo wangu nautaja mapema. Katika nyumba ya mtu maskini, mikono ya mgeni ndiyo mchango mdogo kuliko yote. Mambo makubwa ni kiwanja kisicho na mgogoro, mkopo ambao familia inaumudu, na fundi wa mahali pale anayelipwa kwa wakati. Mgeni akiyatumikia hayo, safari yake ina faida kubwa. Akiyapuuza, anaweza kuiacha familia pabaya kuliko alipoikuta.

Shirika linalojulikana zaidi kwa kazi hii ni Habitat for Humanity. Wengi hudhani wazo lake lilikamilika Marekani, kisha likaletwa kwetu. Lilianzia huko kweli, lakini lilikomazwa Afrika. Mwaka 1942 Clarence Jordan, mhubiri wa Kibaptisti aliyebobea katika Kigiriki cha Agano Jipya, alianzisha na wenzake shamba la Koinonia karibu na mji wa Americus, jimbo la Georgia. Weusi na Weupe walilima pamoja na kula meza moja, na hiyo ni Georgia ya ubaguzi. Miaka ya 1950 walifyatuliwa risasi, kibanda chao cha kuuzia mazao kando ya barabara kikalipuliwa, wafanyabiashara wakawasusia. Hawakuhama.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Millard Fuller alijiunga na Jordan. Fuller alikuwa mwanasheria aliyetajirika akiwa bado kijana, kisha yeye na mkewe Linda wakaamua kugawa mali yao. Pale Koinonia vilipimwa viwanja 42 vya nusu eka kwa ajili ya familia maskini za jirani, zilizokuwa zikiishi kwenye vibanda vinavyovuja. Nyumba ziliuzwa bila faida na bila riba, na kila fedha iliyorejeshwa iliingia kwenye mfuko wa kujengea nyumba nyingine. Jordan alifariki Oktoba 1969, hata nyumba ya kwanza ilikuwa haijaisha.

Sasa sikilizeni hapa. Mwaka 1973 Fuller, Linda na watoto wao wanne walihamia Mbandaka, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire, mji uliopo kando ya mto Kongo karibu kabisa na mstari wa Ikweta. Walikaa huko miaka mitatu. Sehemu waliyopewa kujenga ilikuwa ukanda uliotenga mtaa wa Wazungu na mtaa wa Waafrika enzi za Wabelgiji. Katika ardhi hiyohiyo ya utengano zikapandishwa nyumba za tofali za saruji, zaidi ya mia moja, na wenyewe wakawa wanazilipa taratibu bila riba. Fuller aliporudi Georgia mwaka 1976 ndipo Habitat ikaanzishwa rasmi. Kwa hiyo mpango ambao leo unajenga nyumba katika miji ya Marekani ulipimwa nguvu zake na familia za Kongo kabla Habitat haijaanzishwa, familia zilizokubali kuingia deni na kulilipa. Nataka mliokaa hapa mwende na habari hiyo kifuani, maana mtakutana na watu watakaowaambia kwamba Afrika katika jambo hili ni mpokeaji tu.

Kwa nini nasisitiza deni? Kwa sababu mwenye nyumba aliyelipa ana haki ya kulalamika bati likivuja. Ana haki ya kukataa choo kuwekwa mbele ya mlango. Aliyepewa bure hunyamaza, na wageni huondoka wakidhani ameridhika. Mimi nimefanya kazi ya ufundi kabla sijaanza kufundisha, na nawaambia kuwa mteja anayelalamika ndiye anayekulazimisha ushike timazi.

Habitat huongeza sharti jingine: familia itoe jasho lake, saa kadhaa za kazi kwenye nyumba yake na za majirani. Sisi tuliokulia kwenye msaragambo hatuhitaji kufundishwa hilo.

Lakini mkopo usio na riba una adui, nalo ni anguko la thamani ya fedha. Familia ikikopa leo na kulipa kwa miaka mingi kwa kiwango kilekile, mwisho wa yote marejesho ya mwezi hayanunui hata ndoo ya mchanga, na mfuko unakauka kabla ya kufika kwa jirani aliye kwenye foleni. Ndiyo maana katika baadhi ya nchi za Afrika marejesho yalipimwa kwa bei ya mfuko wa saruji. Saruji ikipanda, malipo yanapanda. Familia haidaiwi riba, na mfuko haupungui uwezo wa kujenga. Naipenda sana hesabu hiyo. Imetungwa na watu waliokaa na wananchi, wakajua kwamba mtu anayejenga huku kwetu hafikirii kwa asilimia, anafikiria kwa mifuko.

Jimmy Carter, aliyekuwa rais wa Marekani, nitamtaja kwa ufupi kwa kuwa wengi mnamjua. Kwao kulikuwa Plains, jirani na Americus. Mwaka 1984, akiwa ameshatoka madarakani, alipanda basi pamoja na wajitolea wenzake kutoka Georgia hadi New York kukarabati jengo bovu la ghorofa sita ili familia 19 zipate makazi. Yeye na mkewe Rosalynn waliendelea hivyo mwaka hadi mwaka. Walifika Durban, Afrika Kusini, mwaka 2002, wakafika Léogâne nchini Haiti mwaka 2011 na 2012. Oktoba 2019, akiwa na miaka 95, alianguka nyumbani akashonwa nyuzi 14, na bado akaenda kazini Nashville. Alikuwa seremala kweli. Kelele hakutaka, alitaka kazi iende.

Haiti inatufundisha jambo zito zaidi. Tetemeko la tarehe 12 Januari 2010 lilikuwa na ukubwa wa 7.0, na Léogâne ilikuwa karibu na kitovu chake. Watu wengi waliuawa na nyumba zao wenyewe: zege zito juu ya kuta dhaifu, nondo haba, tofali zilizobanwa saruji ili zitoke nyingi. Kwa hiyo ukiwa kwenye saiti na fundi akakuambia urudie kuchanganya zege kwa sababu umezidisha maji, rudia. Akikuambia kozi uliyopanga imekwenda kombo na inabomolewa, isaidie kubomoka. Watoto watalala chini ya ukuta huo. Picha ulizopiga haziushikilii.

Sasa nifike kwenye gharama, sehemu ambayo waandaaji wa safari nyingi huipita haraka. Mwishoni mwa Oktoba 1998 kimbunga Mitch kiliipiga Honduras, kikaua maelfu na kusomba vijiji. Makundi mengi kutoka Amerika ya Kaskazini yalikwenda kujenga. Baadaye mtafiti Kurt Ver Beek, wa Chuo cha Calvin cha Marekani, alifuatilia nyumba hizo. Aligundua kwamba makundi ya wageni yalitumia wastani wa takriban dola 30,000 kwa nyumba moja, nauli zikiwemo, ilhali mashirika ya Honduras yaliweza kujenga kwa takriban dola 2,000. Na alipozitembelea familia, hakuona tofauti ya maana katika maisha yao kati ya waliojengewa na wageni na waliojengewa na Wahonduras wenzao.

Fanyeni hesabu wenyewe. Hizo ni nyumba 15 kwa gharama ya moja. Tena katika nchi iliyotoka kusombwa, ambako mafundi wenyewe walikuwa wamepoteza kazi na walihitaji ujira kuliko kitu chochote.

Najua jibu lake, na ni jibu la haki: bila safari, fedha nyingi zisingechangwa kabisa. Mjomba anayekuchangia wewe nauli asingeituma Honduras. Nakubali. Lakini jibu hilo linatubebesha deni. Ikiwa safari ndiyo sababu ya watu kuchanga, basi sehemu kubwa ya mchango ifike kwenye saiti, na ukirudi uendelee kuchangisha. Ver Beek aliliangalia hilo pia. Wengi walisema wanatoa zaidi baada ya safari, lakini kumbukumbu za michango hazikuonyesha ongezeko la namna hiyo.

Ninyi mnaotoka huku mna faida ambayo kijana wa Ohio, Marekani, hana. Mnajua jinsi nyumba inavyojengwa na mtu wa kipato kidogo: mwaka huu msingi, mwakani tofali, kenchi zinasubiri mavuno, ripu watakuja kupiga watoto wakishaanza kazi. Mtu huyo nguvu za kubeba karai anazo, na ndugu wa kumsaidia anao. Anachokosa ni mkopo nafuu na ardhi ambayo hakuna wa kumtimua. Mkifika Malawi msishangae kumkuta mwenyeji anawazidi kasi ya kupanga tofali. Kuweni saidia fundi. Chota maji, sogeza mchanga, mwagilia zege asubuhi na jioni lisipasuke. Kazi hiyo haina sifa, na kila fundi anaililia.

Fomu za malipo mtajaza baadaye. Kabla ya kutoa fedha yoyote, waulizeni waandaaji: katika fedha ninayolipa, kiasi gani kinabaki kijijini? Mafundi watakaofanya kazi nami ni wa wapi, na wanalipwa nini? Nyumba ikipata ufa baada ya mvua za kwanza, mwenye nyumba anamwendea nani? Kisha ulizeni hati itaandikwa jina la nani. Swali hili msiliache hata kidogo. Huku kwetu tumeona mume akifariki, ndugu zake wanafika kabla arobaini haijatimia, na mjane anatolewa na wanawe kwenye nyumba aliyoibebea maji ya kuchanganyia zege. Jina la mke likiwa halimo kwenye karatasi, mnaweza kuwa mmekwenda kuwajengea mashemeji. Wakishindwa kuwajibu hilo, msilipe; tafuteni shirika linaloweza. Sasa nawasikiliza, maswali yaanzie kwa wanaokwenda Malawi.