Theluji ya Unga na Shimo Chini ya Mti

Rehema: Karibuni tena, wasikilizaji. Mimi ni Rehema, niko na kaka yangu Idi, karudi juzi kutoka mlimani. Pole na safari, kaka.

Idi: Nimeshapoa, dada. Theluji ilianguka usiku kucha. Asubuhi nikachomeka fimbo ya kuskii, ule mchezo wa kuteleza juu ya theluji kwa mbao za miguuni, ikazama mpaka mpinini na haijagusa kigumu. Nikachota konzi, nikaifinya iwe donge. Nilipofumbua kiganja ikapukutika yote.

Rehema: Ndiyo theluji ya unga hiyo. Mbona nyingine hushikamana?

Idi: Chembe zinazokua kwenye baridi ya nyuzi 15 hivi chini ya sifuri huota matawi kama nyota, na zikirundikana hubaki na hewa tele katikati. Theluji ya kawaida, ukiyeyusha sentimita 10 unapata kama sentimita 1 ya maji. Hii ya unga utahitaji 20, pengine zaidi.

Rehema: Basi wingi peke yake si hoja. Mount Baker, jimbo la Washington huko Marekani, walipata karibu mita 29 msimu wa 1998–99, rekodi ya dunia. Lakini wapenzi wa unga utawasikia wakitaja Niseko, Japani.

Idi: Siri iko baharini. Upepo wa baridi kavu unatoka Siberia, unavuka Bahari ya Japani yenye joto kuliko wenyewe, unabeba mvuke, kisha ukipanda milima ya Hokkaido, kisiwa iliko Niseko, unaumwaga. Upepo usipokatika, na theluji haikatiki.

Rehema: Poromoko la theluji kila mtu analiogopa, na ni haki yake, hasa siku ya kwanza baada ya dhoruba. Mimi leo nataka tuseme shimo la mti, maana halisemwi vya kutosha.

Idi: Nililiona kwa macho yangu. Matawi ya chini ya msonobari hukinga shina, kwa hiyo theluji ya pale haishindiliwi. Juu unaona pako sawa, chini ni tupu. Mwenzangu alipita karibu mno, akatumbukia kichwa chini, nikabaki naona skii zake tu!

Rehema: Mungu wangu! Akajitoa?

Idi: Peke yako ni vigumu sana. Kila ukifurukuta, matawi yanakumwagia nyingine. Yeye alishika tawi, akatuliza mwili, akaweka mkono mbele ya mdomo apate nafasi ya kupumua. Nilichimba kutokea ubavuni, kuelekea kichwani, nisimfukie zaidi. Alipotoka midomo ilikuwa imebadilika rangi.

Rehema: Kwa hiyo msituni ni wawili wawili.

Idi: Na mwonane, dada. Kumwacha mwenzako akusubiri kwenye lifti ya kupandia mlima si kuongozana. Ningekuwa nimetangulia, ningekuwa chini nikimngoja wakati yeye anakosa hewa.

Rehema: Na ule upande wa mlima ulioniambia ulifungwa asubuhi ile?

Idi: Walinzi wa mlima walikuwa bado wanalipua baruti juu, theluji legelege iporomoke kabla ya watu kupita. Mshindo unausikia kifuani. Foleni ikanung'unika, mimi nikatulia. Miteremko ile ina mwinamo wa nyuzi 35 na zaidi, ndipo penyewe panapoporomoka. Saa 5 wakafungua kamba. Theluji ilikuwa bado inanifika magotini.