Ini, Maharage na Mahindi Yenye Kuvu

Shikamooni wazee wangu, na wengine habari za mchana. Kabla sijaketi, mzee mmoja kanikamata mlangoni: "Daktari, ni kweli nyama inachosha ini?" Nilipanga kuanza kwingine, lakini swali lake limenishinda. Tuanzie hapo.

Ukila maharage, dagaa au nyama, mwili unajengea protini hiyo, na inayozidi unaichoma kama kuni. Moshi wake ni amonia, sumu kwa ubongo. Ini huigeuza kuwa urea, figo zikaitoa kwenye mkojo. Mwaka 1932 watafiti Hans Krebs na Kurt Henseleit, wakiwa Freiburg, Ujerumani, walikata ini la panya vipande vyembamba wakaona kwamba onithini, kemikali ndogo iliyomo mwilini, hata kidogo tu huongeza urea sana, na yenyewe haipungui. Onithini ni kama mkokoteni: unapakiwa, unashusha, unarudi. Wapakiaji na washushaji ni vimeng'enya vitano, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemia mwilini.

Na idadi ya vibarua hao hubadilika. Mwaka 1962 Robert Schimke, Mmarekani, alionyesha kwamba panya wakilishwa protini nyingi vimeng'enya hivyo huongezeka, wakipunguziwa hupungua. Lakini alipowanyima chakula kabisa, vikapanda tena! Msishangae. Mwenye njaa anakula misuli yake mwenyewe, na misuli ni nyama. Kwa hiyo mzee wangu, ini lenye afya likiletewa nyama linaajiri vibarua zaidi.

Hapa niweke tahadhari. Ukiambiwa hospitalini "vimeng'enya vya ini vimepanda", kwa kawaida wanasema ALT na AST, vilivyovuja kwenye damu kutoka seli zilizoumia. Hao si vibarua wetu wa urea.

Kinacholiangusha ini ni kingine, na sisi wa Dodoma tunakifahamu. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu, kwenye mahindi iliwafanya watu waugue hapa kwetu na Manyara, na 20 wakafariki. Kenya, mwaka 2004, waliougua ni 317, waliokufa 125, wengi wao Makueni na Kitui.

Ajabu ya sumukuvu ni kwamba ini, katika kuhangaika kuisafisha, ndilo linaloigeuza kuwa kali zaidi. Inashikana na DNA na protini, kiwanda cha protini mpya kinakwama. Kimeng'enya nacho ni protini: kikichakaa hakipati mbadala. Hatua mbili za kwanza za kutengeneza urea ziko ndani ya mitokondria, vijumba vya nishati ndani ya seli, navyo huumia. Sumu ikiwa nyingi na ini likashindwa kazi, amonia inabaki kwenye damu hadi inafika kichwani. Mgonjwa analala mchana, anakesha usiku, anajibu yasiyoulizwa. Mwambie anyooshe mikono, viganja vinapigapiga kama mbawa.

Ndipo ndugu wanapoondoa maharage kwenye sahani yake. Siwalaumu, hata sisi madaktari tulifanya hivyo miaka mingi. Siku hizi mgonjwa wa ini lililosinyaa hushauriwa apate gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, kwa sababu misuli nayo hufyonza amonia na kuifunga ndani ya glutamini, tofali dogo la protini. Ukimnyima, unamkondesha kibarua wa pili wakati wa kwanza yuko kitandani.

Tena asilale na njaa. Kumbukeni panya wa Schimke: usiku mrefu bila chakula, ini lililochakaa likipungukiwa akiba ya wanga, mwili unaanza kuchoma misuli. Kwa hiyo tunamwambia anywe uji kabla ya kulala.

Uji wa unga gani? Sumukuvu haifi kwa kuchemshwa. Mahindi yakaushwe juu ya turubai, si ardhini, yachambuliwe kwa mkono, yenye kuvu na yaliyotobolewa na wadudu yatupwe, yasipewe kuku, kisha yakobolewe kabla ya kusagwa. Haya, mama wa pale nyuma, nilikuona umenyoosha mkono.