Elektrodi ya kaboni ionje maji ya Kafubu

Wapenzi wanafunzi wa Lubumbashi, voltametri, yaani kupima metali majini kwa umeme kupitia elektrodi, sitaieleza tena. Aliyeisahau amuulize jirani yake.

Kila mwaka naletewa kazi ya mwisho yenye sentensi ileile: "Elektrodi yangu imegundua risasi." Risasi ile metali yenye sumu, si ya bunduki. Vizuri. Wapi? Katika maji safi ya maabara, yaliyotiwa risasi kwa pipeti! Huo ni mtihani uliopewa na majibu yake. Nenda mto wetu Kafubu, chota chupa moja, ndipo tuongee.

Mmoja alinisikia. Alichukua unga wa grafiti, akaukanda na mafuta ya parafini, akaushindilia ndani ya bomba la sindano, akausugua kwenye karatasi nyeupe hadi ukang'aa, kisha akaupaka utando wa metali ya bismuti, unaonasa risasi. Kwenye maji ya maabara, kilele cha risasi kwenye grafu, yaani alama yake, kilisimama palepale, karibu na volti −0.5. Kwenye maji ya mto, shaba ilijaza grafu, risasi haikuonekana. Akaja mbio: "Profesa, mto hauna risasi!" Nikamwambia aitie risasi mwenyewe ndani ya maji yaleyale, apime tena. Kilele hakikupanda. Mnasikia? Risasi tumeitia kwa mkono wetu, chombo hakiioni! Shaba na bismuti zinagombania uso mmoja, na hapa Katanga ni wapi utakosa shaba? Tukatia chumvi ya ferosianidi kidogo, ikaifunga shaba, risasi ikajitokeza.

Shirika la Afya Duniani linaruhusu mikrogramu 10 za risasi kwa lita moja ya maji ya kunywa. Shaba linairuhusu hadi miligramu 2, yaani mara 200 zaidi. Kwa hiyo maji yanaweza kupita kwa shaba, na shaba hiyohiyo ikakufichia risasi. Makala za Ulaya hazitakuamsha usiku kwa jambo hilo.

Najua kuna mtu pale nyuma anasema: tupeleke sampuli ng'ambo, kuna mashine za plazma za kupima metali. Peleka! Majibu yakirudi mvua imekwisha, na mto wa kiangazi si ule uliouchota. Mwingine ananong'ona: tumia elektrodi ya zebaki. Mkemia wa Cheki, Heyrovský, aliitumia tangu 1922, akapata Nobel 1959, namvulia kofia. Lakini kumwaga zebaki mtoni ili kupima uchafu wa mto, hapana.

Kobalti, ambayo wengi mmeifuata hapa, ina njia yake: inanaswa kwa kemikali iitwayo dimethilglioksimu. Hiyo tuiache siku nyingine, mzee mlinzi ameshashika funguo, anataka kufunga. Chupa za sampuli zioshwe kwa asidi ya nitriki, sabuni haitoshi.

Maswali? Isiwe kobalti.