Kabla Hujairudisha Kabatini, Tafuta Panapovuja

Habari za asubuhi. Asanteni kwa kuja, hasa ninyi wake na waume mlioletwa hapa kama mashahidi. (Kicheko.) Kwenye tangazo imeandikwa nitazungumzia kukatika kwa pumzi usingizini. Daktari ameshalimaliza hilo, na wengi wenu mlishalala na nyaya kichwani mpaka mkapewa majibu. Koo linaziba, pumzi inakatika, mchana unasinzia kwenye usukani. Mnajua. Mimi ni fundi wa vifaa tiba, na nitazungumzia kelele, kama kawaida yangu. Anayesema huko nyuma "dada kaanza tena", namsikia.

Nashikilia kelele kwa sababu ndiyo inayoipeleka kabatini CPAP, ile mashine inayopuliza hewa kwa mpira na barakoa ili koo lisizibe usingizini. Mashine imechangiwa na ukoo mzima, mtu kailalia wiki mbili, sasa iko kwenye begi lake juu ya kabati pamoja na sufuria za shughuli. Ukiuliza kulikoni: "Inapiga kelele."

Inapiga kelele ipi? Hapo ndipo watu wanaponiudhi. Colin Sullivan alipomjaribia mgonjwa wake wa kwanza kule Sydney mwaka 1980, kilichopuliza hewa kilikuwa mota ya mashine ya kufyonza vumbi. Ile ungeilalamikia ningekuelewa. Hizi za leo nyingi ni desibeli 25 hadi 30, na watu wawili wakiongea kawaida ni kama 60. Mzee mwenyewe alipokuwa akikoroma alikuwa juu ya hapo, na majirani wanajua. Mota ikiwa nzima, unachosikia ni mvumo mdogo unaopanda na kushuka. Ile inayofyonza, inayopiga mluzi, inayotoa sauti ambayo sitaitaja mbele ya wakwe, ni hewa inavuja kwenye barakoa. Nimelisema hili hospitali, nimelisema kwenye misiba, nitalisema tena leo.

Lakini kabla ya kutafuta panapovuja, lazima mjue pale panapotakiwa kuvuja. Nisikilizeni hapa hata kama mengine mtasinzia. Mpira ni mmoja, unaleta hewa. Hakuna mpira wa pili wa kurudisha pumzi uliyoitumia. Sasa hewa ya ukaa inatokea wapi? Mbele ya barakoa, au pale kwenye kiungo cha mpira, kuna vitundu vidogo. Inatokea hapo. Ule mpulizo mwembamba wa "shhh" unaotoka pale hauna ubaya wowote. Ukiusikia, shukuru.

Alinijia mzee mmoja na mkewe. Mashine mbovu, wanasema. Mzee akiivaa anaamka kichwa kinamgonga, usiku wa manane anaivua na kuitupa bila kujijua. Naiwasha, presha iko sawasawa, mota safi kabisa. Nachukua barakoa, nageuza kwenye mwanga. Vile vitundu vimezibwa kwa selotepu. Tena kazi nzuri! Vipande vimekatwa kwa mkasi wa kucha, duara duara, kila kimoja juu ya kitundu chake, halafu tabaka la pili juu ya la kwanza. Nikamuuliza, "Mzee wangu, hii ni kazi ya nani?" Akamwangalia mama. Mama akaangalia dari. Kumbe kile kiupepo kilikuwa kinampiga mama shingoni usiku kucha, naye anasema shingo imeanza kukakamaa. Mzee, kwa mapenzi, akaziba. Kwa hiyo usiku mzima anaivuta tena ileile pumzi aliyoitoa. Kichwa kitaacha kuuma?

Selotepu tukaibandua palepale. Mama tukamhamishia upande wa pili wa kitanda. Ile shingo ya plastiki inayounganisha barakoa na mpira inazunguka, tukaielekeza juu, upepo ukaenda kwenye chandarua. Hatukununua kitu. Kuna barakoa mpya zenye vitundu vingi vyembamba vinavyoutawanya upepo, na kuna ambazo mpira umeungwa utosini, hizo ni nzuri kwa wanaolala uso kwa uso. Ila kabla ya pesa kutoka, anzeni na kuhama upande.

Msizibe vitundu! Si kwa selotepu, si kwa pamba, si kwa shuka kuvutwa mpaka usoni.

Sasa mvujo wenyewe. Kosa la kwanza la kila mtu ni kukaza mikanda. Inavuja, anakaza. Inavuja zaidi, anakaza zaidi, asubuhi ana mistari mashavuni kama katoka jandoni, na bado inavuja. Ile silikoni ya pembeni imetengenezwa ijae hewa na kujilaza yenyewe kwenye ngozi. Ukiikandamiza inakunjika, na kwenye kunjo ndipo hewa inapopita ikipiga mluzi. Fanya hivi: lala chali, washa mashine, isubiri ifike kwenye presha yake kamili, kisha legeza mikanda yote. Ishike barakoa, ivute kidogo mbele mpaka ijae, iachie ikae, halafu kaza kidogo kidogo pande zote mbili kwa pamoja. Kisha lowesha kidole na ukizungushe taratibu pembezoni mwa silikoni: chini ya macho, pembeni ya pua, kwenye kidevu. Penye ubaridi ndipo panapovuja. Geukia ubavu unaolalia, rudia. Na haya yafanyike umelala. Ukikaa, uso una umbo moja, ukilala nyama ya shavu inahama. Watu wanajipima mbele ya kioo wamesimama wima, kana kwamba watalala wamesimama.

Utaniambia, "Dada, mimi nimefanya na bado." Umeiosha lini? Mafuta ya ngozi yanaifanya silikoni iteleze. Uso unapakwa losheni saa tatu usiku, saa nne barakoa, itashika wapi? Osha silikoni kila siku kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, na uso nao uoshwe. Na ndevu, nawaona pale, nitawarudia. Kama barakoa ni ya pua tu na mdomo unafunguka usingizini, hewa yote inatokea mdomoni na kinywa kinaamka kikavu. Huyo kwanza aangaliwe kama pua imeziba, halafu ndiyo tuongelee barakoa ya pua na mdomo. Mashine nyingi zinaandika mvujo asubuhi. Za ResMed, kwa mfano, hazifurahi mvujo ukipita lita 24 kwa dakika, na hapo wameshaitoa hewa ya vitundu. Kuna watu wana mashine mwaka mzima hawajawahi kufungua ukurasa huo.

Kuna kijana huwa ananiuliza kila nikizungumza, na leo naona hayupo, nitamjibu hivyohivyo: kwa nini watengenezaji wasiweke kitu ndani cha kumeza kelele? Waliweka. Juni 2021 kampuni ya Philips Respironics ilitangaza kuziondoa mashine zake nyingi sokoni, mamilioni, kwa sababu ya sponji iliyowekwa ndani kwa kazi hiyohiyo ya kupunguza mlio. Sponji ile ilikuwa inaweza kuchakaa, ikatoa chembechembe na gesi kwenye njia ya hewa anayovuta mgonjwa. Na walitaja wenyewe vinavyoweza kuiharakisha: joto na unyevu mwingi, na visafishio vya ozoni. Joto na unyevu! Sasa wewe uko Tanga, uko Mombasa, shemeji kakuletea kutoka Ulaya mashine iliyotumika, "bado nzima kabisa". Namshukuru shemeji. Ila geuza chini, soma aina na namba, uliza kama ilikuwa kwenye zile zilizorudishwa, na kama ilikuwamo, ilitengenezwa upya au imekuja hivyohivyo. Mashine kuwa kimya hakukwambii chochote kuhusu sponji yake. Na kama unayo sasa hivi na unaitumia, usiizime leo kwa sababu yangu. Mwone daktari wako, mwamue pamoja. Vile vikasha vya ozoni vya kusafishia, sivitaki kuviona.

Naonyeshwa saa. Haya, haraka. Mpira ukigugumia, kuna maji ndani: kiyoyozi kimewekwa nyuzi 18, hewa iliyopata mvuke kwenye kitangi cha maji cha mashine inapoa njiani. Ongeza nyuzi za chumba, punguza unyevu kwenye mashine, uvalishe mpira kitambaa, na mashine ikae chini ya usawa wa kichwa ili maji yarudi kwake. Iwe juu ya kigoda, sakafuni itakula vumbi. Meza ya mbao iliyo tupu inatetemeka nayo, tandika taulo, ila usizibe mlango wa hewa. Chujio likiwa jeusi badilisha. Mpira unaokwaruza chandarua, upitishe chini ya ukingo kwa upande wa kichwani, uufungie kwenye nguzo ya kitanda. Inverta za bei rahisi zinaweza kuifanya adapta ivume. Hili lina mambo mengi, wenye sola mnitafute pembeni.

Maswali mtampa daktari. Mlioleta barakoa kwenye mifuko, njooni hapa mbele, kuna mkeka na mto, kila mtu atalala aivae nimwone. Tunaanza na wenye ndevu.