Jinsi ya Kuchagua Shokapu Mpya Ili Pikapu Itulie Barabarani

Habari zenu watazamaji, karibuni tena gereji. Gari letu la leo ni Toyota Hilux Vigo, ile yenye springi za koili mbele na za majani nyuma. Kazi yake ni kushusha kabichi na viazi kutoka vijiji vya Lushoto hadi Mombo, kisha inapanda tupu. Mwenye gari analalamika kwamba ikiwa na mzigo inakwenda vizuri, lakini ikiwa tupu inarukaruka mpaka mgongo unauma. Ameomba tumfungie shokapu ngumu kuliko zote zilizopo dukani. Tusikubali haraka, maana hizo ndizo zitakazomuumiza zaidi.

Kabla ya kutoa hela, chukua kipimo cha upepo. Fungua mlango wa dereva, tazama karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo, usome upepo unaotakiwa gari likiwa tupu na likiwa na mzigo. Wengi hujaza matairi kwa ajili ya mzigo halafu hawapunguzi wakirudi tupu. Tairi lililojaa kupita kiasi linapeleka kila kokoto kwenye kiti, na hakuna shokapu itakayolizuia.

Sasa ingia chini nyuma uhesabu majani ya springi. Mnaona hapa? Jani hili limeongezwa, chuma chake ni kinene na rangi yake ni tofauti na wenzake. Hapa ndipo penye tatizo. Anayebeba uzito wa gari ni springi. Shokapu haibebi chochote, kazi yake ni kutuliza springi isiendelee kucheza baada ya shimo. Ndani yake mna pistoni inayosukuma mafuta kupita kwenye vitundu vidogo, na mtikisiko unageuka kuwa joto. Springi ikiwa imeongezwa majani kwa mzigo wa tani na wewe unatembea mtupu siku nyingi, itagoma kupinda tu. Kama mzigo wako ni wa siku moja moja, toa hilo jani kwanza, ulijaribu gari, ndipo uende dukani.

Je, shokapu zenyewe zimekufa? Ile njia ya kukandamiza bodi kwa mikono inafaa magari madogo. Kwenye pikapu, majani ya springi yanasuguana na kuzuia mchezo, kwa hiyo gari linaweza kuonekana zima wakati shokapu imekwisha. Endesha kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi kwa dakika kumi na tano hivi, simama mahali salama, kisha gusa kila shokapu kwa nyuma ya vidole, taratibu. Iliyofanya kazi ina joto. Ukikuta moja ya baridi na mwenzake wa upande wa pili ana moto, hiyo ya baridi haifanyi kitu. Angalia pia mafuta: utando mwembamba wa vumbi lenye unyevu karibu na sili, ule mpira unaozuia mafuta yasivuje, usikutishe, lakini mafuta yakitiririka hadi chini, badilisha. Mwisho pitisha kiganja juu ya tairi. Ukisikia mabonde na vilima, gurudumu limekuwa likidunda.

Tuchague sasa. Dukani utakuta aina kuu mbili. Ya bomba mbili ina bomba la kazi ndani ya bomba la nje, pamoja na gesi ya mgandamizo mdogo inayozuia mafuta yasitoe povu. Kwa kawaida ni laini, bei yake ni nafuu, na jiwe likibonyeza ganda la nje kidogo inaweza kuendelea kufanya kazi. Ya bomba moja ina naitrojeni ya mgandamizo mkubwa, inapoa haraka kwenye safari ndefu za vumbi, ila mara nyingi ni ngumu zaidi, na bomba likibonyea pistoni inakwama. Kwa mfano, kampuni ya KYB wana Excel-G ya bomba mbili na Gas-a-Just ya bomba moja. Kwa gari hili linalorudi tupu, mimi nachukua ya bomba mbili yenye ugumu wa kiwandani. Ukitaka kubadilisha ugumu kulingana na mzigo, zipo za kurekebishwa kwa kitufe cha kuzungusha, kama Rancho RS9000XL yenye ngazi 9.

Kwa nini naogopa ngumu? Tazameni springi baada ya tuta. Imebonyea, inatakiwa inyooke kabla ya tuta linalofuata. Shokapu ikiizuia mno isinyooke, tuta la pili linaikuta bado iko chini, la tatu iko chini zaidi, mwishowe inagonga mpira wa kuzuia isibonyee kupita kiasi. Dereva anadhani shokapu imekuwa laini, anakwenda kununua ngumu zaidi!

Nenda dukani na namba ya chesi, kwa sababu Hilux ya magurudumu mawili na ya manne hazitumii shokapu moja. Kama gari limeinuliwa, pima urefu wa shokapu magurudumu yakining'inia. Iliyo fupi itavutwa mpaka ing'oke.

Nunua jozi, kushoto na kulia pamoja. Za mbele zina springi iliyobanwa. Usifungue nati ya juu bila kifaa cha kubana springi, inaweza kuua mtu. Za nyuma ni rahisi. Zile za bomba mbili zisimamishe wima, uzivute na kuzikandamiza mara chache hewa itoke. Usishike fimbo yake inayong'aa kwa koleo, mkwaruzo mdogo tu utachana sili. Ingiza bolti, zikaze kiasi, shusha gari likae chini kwa uzito wake, halafu ndipo ukaze kabisa. Ukikaza magurudumu yakiwa hewani, mpira wa bushi unabaki umejisokota na utachanika mapema.

Rudi chini ya gari baada ya kilomita 500, kaza nati tena na ufute shokapu kwa kitambaa kikavu. Kikitoka na mafuta, rudisha dukani na risiti.