Laini ya Pili Inafanya Nini? Simu za Bei Chee na Mabango Yake

REHEMA: Karibu tena msikilizaji. Mimi Rehema, niko na mdogo wangu Dani, tuko Dodoma, ni saa nane mchana na hii feni yetu imeamua kupiga kelele, mtatuvumilia tu. Leo tunaongelea simu. Hizi simu janja za laini mbili, za bei ya chini, ambazo kampuni zinazizindua kila kukicha kwa ajili ya wanachokiita masoko yanayoibukia. Yaani sisi.

DANI: Sisi tunaoibukia. Miaka yote tunaibukia tu, hatufiki juu.

REHEMA: (anacheka) Haya, ulikuwa unaniambia habari za gari la matangazo.

DANI: Ee, lilikuwa pale Majengo, karibu na sokoni. Spika kubwa, vijana wa fulana wanacheza, na bango: kamera tatu, betri 5000, RAM, yaani kumbukumbu ya simu kufanyia kazi, GB 4, laini mbili. Nikamfuata kijana mmoja, nikamuuliza kistaarabu kabisa, "Kaka, hii laini ya pili inashika 4G, ile ya intaneti ya kasi, au inashuka 2G ya zamani?" Akaniita bosi. Akanipa kalamu.

REHEMA: Kalamu!

DANI: Kalamu na stika. Swali langu mpaka leo liko hewani.

REHEMA: Na ndilo swali lenyewe. Mimi nimeuza simu mjini hapa, wanaonifahamu wanajua, kiduka kidogo kule barabara za namba. Nakwambia mteja wa simu ya laki na nusu hanunui kamera. Ananunua sehemu mbili za kuweka laini. Kamera ni ya kumsifia mwenzake akishafika nyumbani.

DANI: Dada, kwa wale wadogo ambao hawakuikuta hali ya zamani...

REHEMA: Hali ya zamani ilikuwa ni kutembea na simu mbili, au simu moja na laini nyingine imo kwenye pochi. Ukitaka kumpigia mtu wa mtandao mwingine unafungua mfuniko, unatoa betri, unachomoa laini, unachomeka nyingine, unawasha, unasubiri. Na ile laini ya kwanza umeishika mdomoni! Wengine walizimeza.

DANI: Hapana bwana.

REHEMA: Walikaribia kuzimeza. Sasa simu ya laini mbili haikuanzia huku, Benefon ya Finland walitoa yao mwaka 2000. Lakini haikuwa ya mtu wa Kongwa. Waliomtazama mtu wa Kongwa ni Transsion, Wachina wa Shenzhen, walioanza 2006, ndio wenye Tecno, itel na baadaye Infinix. Wakati wakubwa bado wanatuletea simu za laini moja, hao walishakuja na za laini mbili. Nokia wamekuja kuamka kama 2010, 2011 hivi, wenzao wameshapaka kuta rangi ya bluu ya Tecno kuanzia stendi mpaka vijijini.

DANI: Na Google nao walijaribu. Septemba 2014, New Delhi, walizindua Android One. Kampuni tatu za India, Micromax, Karbonn na Spice, bei inaanzia rupia 6,399, kama dola mia na kidogo wakati ule. Laini mbili, RAM GB 1. Mwaka uliofuata, Agosti 2015, ikaja Afrika kwa jina la Infinix Hot 2, wakaanzia Nigeria, dola 88. Kwa karatasi ni simu nzuri kabisa.

REHEMA: Kwa karatasi.

DANI: India haikutikisa sana. Mwanzoni waliziuza mtandaoni tu, wenye maduka wakanuna.

REHEMA: Sasa hapo mimi nasema kama muuza duka. Muuza duka akinuna, simu haiuziki. Mteja anaingia anasema "nataka simu," hasemi jina. Sisi ndio tunaomwambia jina. Ukimpita mwenye duka ukaenda kuuza kwenye intaneti, kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na simu ya intaneti, umetumia akili gani? Watu wa Transsion walikaa na sisi. Walitupa mabango, waliweka vituo vya matengenezo, simu ikiharibika unajua pa kuipeleka. Hiyo ndiyo siri yao, wala si teknolojia ya ajabu.

DANI: Tuingie kwenye utumbo wa simu sasa. Wengi wanadhani laini mbili maana yake simu mbili ndani ya kava moja. Siyo. Kwenye hizi za bei chee chombo cha kunasa mawimbi ni kimoja. Laini zote ziko macho mkiwa mmekaa kimya, simu inasikiliza huku, inasikiliza kule, kwa zamu, haraka haraka. Ukipokea upande mmoja, upande wa pili unapotea.

REHEMA: Yule mpigaji anaambiwa haipatikani.

DANI: Anaambiwa haipatikani, na wewe uko naye kijiji kimoja. Shemeji yangu yuko Chamwino, analima alizeti. Msimu wa kuuza alikuwa anaongea na mnunuzi wa kwanza kwenye laini moja, anavutana naye bei, dakika kumi na tano. Mnunuzi wa pili, ambaye bei yake ilikuwa nzuri zaidi, anapiga laini nyingine, hapatikani, hapatikani. Akaenda kwa jirani.

REHEMA: Sasa mpe dawa, usimwache msikilizaji na huzuni.

DANI: Dawa ipo na ni bure kuiweka. Ukiwa kwenye laini ya pili, bonyeza nyota mbili, 62, nyota, namba ya laini yako ya kwanza, halafu reli, ile alama ya #, piga. Maana yake laini ya pili isipopatikana, simu ielekezwe kwenye ya kwanza. Halafu kwenye ya kwanza washa huduma ya kusubirisha simu, nyota 43 reli. Hapo ukiwa unaongea utasikia mlio, utaona mwingine anapiga. Angalizo, kile kipande cha kuelekeza kutoka laini ya pili kwenda ya kwanza unakilipia wewe, kwa hiyo iwe na salio. Kuiondoa ni reli mbili, 62, reli.

REHEMA: Rudia taratibu, kuna mama yuko Mpwapwa anatafuta kalamu.

DANI: Mimi ninayo moja, ya bure. (wanacheka) Nyota nyota 62, nyota, namba yako, reli.

REHEMA: Niseme na ya trei. Ukichomoa trei ya simu nyingi za bei hii utaona nafasi mbili, siyo tatu. Ya kwanza ya laini. Ya pili imeandikwa laini au memori. "Au", msikilizaji, sio "na". Ukiweka memori kadi, laini ya pili imekufa. Bango linakwambia laini mbili, linakwambia tena inapokea memori mpaka GB 128, yote ni kweli, ila siyo siku moja.

DANI: Mafundi wetu lakini!

REHEMA: Ah, mafundi. Fundi anachukua laini, anaipasha moto, anaibandua ile chipu ya dhahabu kutoka kwenye plastiki, nyembamba kama ganda la kitunguu. Anaibandika kwa gundi juu ya memori kadi, anapanga viguso vikae sawa, anasukuma trei polepole huku ameshika pumzi. Inasoma! Zote mbili! Nimeiona kwa macho yangu. Ila ukitaka kuitoa inang'ang'ania humo, unang'oa na meno ya ndani, na hapo hakuna waranti. Nunua simu yenye nafasi tatu, zipo, tena wakati mwingine ndizo za bei ndogo.

DANI: Na RAM. Lile bango la GB 4, soma maandishi madogo chini: 2 jumlisha 2. Mbili za kweli, mbili za kuazima kutoka kwenye hifadhi ya simu. Hizo za kuazima ni polepole, na zinakula nafasi ya picha zako. Android ya simu ndogo, ile ya Go, ilipotoka Desemba 2017 ilikuwa inalenga simu za RAM GB 1 kushuka chini. Kufikia Android 13 kiwango cha chini kikawa GB 2. Kwa hiyo simu ya "4" ambayo ni 2 imesimama mlangoni kabisa.

REHEMA: Magrupu ya WhatsApp ya ukoo yataimaliza kabla ya masika. Ee, turudi kwenye laini. Kwa nini bado tunahitaji mbili? Maana sababu ya zamani ilikuwa kupiga mtandao mwingine ni ghali. Siku hizi bando ni la mitandao yote.

DANI: Ilikuwa ghali kweli, mitandao ilikuwa inatozana. TCRA, wasimamizi wa mawasiliano, wakawa wanashusha hiyo tozo ya kuunganisha simu, kutoka shilingi 15.60 kwa dakika mwaka 2018 mpaka 2 mwaka 2022. Sababu ile imekwisha.

REHEMA: Lakini laini ya pili haijatoka. Kwa sababu ya hela na kwa sababu ya mnara. Ukienda kijijini unakuta mtandao mmoja unashika shuleni, mwingine haushiki mpaka ukwee kilima. Na hela, wakala aliye karibu ana mtandao wake, mnunuzi wa zabibu anataka kukutumia kwa mtandao wake. Kutuma kwenda mtandao mwingine inawezekana tangu zamani, ila mtu anaogopa makato.

DANI: Na ya tatu huisemi. Laini ya wadai.

REHEMA: (anacheka) Hiyo sijui chochote.

DANI: Kuna watu wamekopa salio na pesa kwenye laini moja, wakaiacha ilale. Ndiyo maana ukimpigia hapatikani mpaka mavuno.

REHEMA: Haya, ila mjue na kanuni. Tangu usajili wa alama za vidole, ule uliofungwa Januari 20, 2020, laini zote ziko kwenye namba yako ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa. Na kanuni za mwaka huo zikasema mtu wa kawaida laini moja kwa kila mtandao, ya ziada uwe na sababu. Kwa hiyo laini mbili kwetu zikawa ni mitandao miwili. Bonyeza nyota 106 reli, uangalie umesajiliwa nini. Utakuta na ya mjomba humo.

DANI: Bei sasa. Bajeti ya 2021/22 iliondoa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kwenye simu janja. Asilimia 18 hiyo, simu ya 200,000 inaongezeka 36,000. Mwaka uliofuata msamaha ukafutwa, Serikali ikaona lengo halikufikiwa.

REHEMA: Mimi siwalaumu kwa kuufuta. Nilikuwa napita madukani, sikuona bei ikishuka. Ila nilitaka wambane aliyebaki na ile hela, wasimrudishie mzigo mnunuzi.

DANI: Hapo umekuwa mbunge.

REHEMA: Niko Dodoma, nifanyeje? Na kinachoniudhi zaidi ni simu za mkopo. Sisemi ni mbaya zote. Anaweka kianzio, analipa kila siku, asipolipa simu inajifunga. Chukua mfano tu: kianzio 50,000, kila siku 1,000 kwa mwaka, tayari 415,000. Dukani kashi ni 200,000 na kitu. Na ikijifunga, imejifunga na laini zote mbili ndani, na hela ya kulipia iko kwenye laini mojawapo!

DANI: Anachomoa laini anaweka kwenye kitochi.

REHEMA: Ndiyo maana nasema kitochi usikiuze. Hata ukinunua simu janja, kitochi kibaki nyumbani na chaji yake ya wiki.

DANI: Kuna ujumbe hapa, dada. Msikilizaji wa Bahi: "Nina 180,000 taslimu, naenda soko la Machinga kesho, niangalie nini?"

REHEMA: Kwanza nenda na laini zako mbili mfukoni. Ziweke zote. Ingia kwenye mipangilio, angalia laini ya pili inaruhusu 4G au imeandikwa 2G tu. Mpigie mtu kwa zote mbili. Chomoa trei uhesabu nafasi. Muuzaji akikukatalia kufungua boksi, rudisha hela mfukoni, meza ya pili ipo hatua mbili.

DANI: Na IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe. Nyota reli 06 reli. Simu ya laini mbili inaleta namba mbili, kila moja tarakimu 15. Zilinganishe na za kwenye boksi. Ikikosekana moja, au zimefanana zote mbili, achana nayo. Usiku wa Juni 16, 2016 simu feki zilizimwa nchi nzima, watu wakaamka na mawe mkononi.

REHEMA: Memori kadi usinunue siku hiyo hiyo, na protekta mwambie akupe bure. Kwa 180,000 atatoa.

DANI: Asipotoa?

REHEMA: Jifanye unaondoka. Haya, tunakwenda kwenye tangazo, tukirudi ni bei za karanga Kibaigwa.